Waliokubali Kufa Kidogo

Filamu za Addis Ababa za Mei 1963 ni za rangi nyeusi na nyeupe. Wakuu wa nchi wamekaa ndani ya Ukumbi wa Afrika, vipokea sauti masikioni ili wawasikie wakalimani. Haile Selassie yumo ndani ya sare yake ya kijeshi, nishani kifuani. Nkrumah yupo, Nasser yupo, Nyerere yupo. Vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, ambavyo mtu akiingia ukumbini humjaza rangi machoni, humo vimekuwa kijivu. Kisha inafika tarehe 25, Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika inatiwa saini, na kamera inaganda kwenye mikono na kalamu.

Katika mkutano huo Ahmed Ben Bella, ambaye Algeria yake haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, aliwaomba wenzake wakubali kufa kidogo ili watu waliokuwa bado chini ya wakoloni wawe huru. Wakampigia makofi. Mkutano ukaamua kuunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawa Dar es Salaam.

Kila nikizitazama picha hizo hujiuliza neno lile lilitimizwa wapi. Ukumbini hakuna aliyekufa, wala kidogo. Jibu moja liko kusini kabisa mwa Tanzania, Tandahimba, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Newala. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na mbali bondeni unauona Mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji, na huko nako kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, Mueda, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi raia waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilipoanza vita Septemba 1964, maelfu walivuka mto kuja upande wetu.

Hapa sharti tuseme habari ya maji. Juu ya Uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inanyonywa na mchanga, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kabla ya mabomba kusambaa, na hata baada ya hapo kila mitambo ilipokwama, mwanamke aliondoka alfajiri, akateremka genge, akachota, akapanda tena na mtungi kichwani jua likiwa limeshawaka. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kumwogesha mtoto. Mgeni akipiga hodi kiangazi, amechoka, ana watoto wanne, cha kwanza anachopewa ni maji. Anayempa anajua kwamba kesho atateremka mara mbili. Kufa kidogo ndiko huko, na hakukupigiwa makofi na mtu.

Mtu anaweza kunipinga. Atasema watu wa Tandahimba na Newala wangewapokea wageni hao hata kama Addis Ababa hapangetiwa saini yoyote. Wageni walikuwa ndugu zao, wa lugha moja na koo moja, na mpaka wa Ruvuma waliuchora Wajerumani na Wareno. Ni kweli, na walishawapokea waliokimbia Mueda mwaka 1960, miaka mitatu kabla ya hati. Basi hati iliongeza nini?

Naona iliongeza wasio ndugu. Vijana waliopita kusini kwetu wakielekea kambi ya FRELIMO ya Nachingwea hawakuwa Wamakonde pekee. Wengine walitoka Gaza na Inhambane, kwa watu wasiojua hata salamu ya uwandani. Nyuma yao zikaja silaha, na nyuma ya silaha hasira ya Wareno, ambao makombora na mabomu yao ya kutegwa yaliwafikia hata raia wa upande huu wa mto. Undugu peke yake haumfungi mtu kubeba yote hayo. Serikali iliweka saini, na wanavijiji wakailipia. Hata hivyo, Julai 1964 mjini Cairo, umoja huohuo uliamua kwamba mipaka ya kikoloni iheshimiwe, na Nyerere akiwa mstari wa mbele kuitetea hoja hiyo. Kwa hiyo mkazi wa uwandani alitakiwa kumfia jirani wa ng'ambo ya mto, na papo hapo akubali kwamba mto ule ni mpaka kweli. Aliyabeba yote mawili. Na hata Msumbiji ilipokwisha kuwa huru, wengine hawakufa kidogo: makaburi ya Naliendele, Mtwara, yana wanajeshi wetu waliofia Msumbiji miaka ya 1980.

Silaumu kamera ya Addis. Ilipiga picha ya ahadi, na ahadi haina sura ya utekelezaji wake siku inapotolewa. Ninachokataa ni kuiita picha hiyo historia yote. Mwongozaji Ruy Guerra alipotengeneza filamu ya mauaji ya Mueda, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwapiga picha wenyeji wa Mueda wakiigiza wenyewe yaliyowapata. Upande wetu bado unadai filamu yake.

Kijana wa Tandahimba, una simu yenye kamera. Kaa na bibi yako, muulize nani alilala nyumbani kwao wakimbizi walipovuka mto, walikula nini, nani aliteremka kuchota maji. Usimkatize. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza sasa ameshavuka 80.