Kipande cha Gugu

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Mtu akibeba balaa ndani ya gunia lake bila kukusudia, ana hatia au hana?

Usidhani nauliza kwa kujifurahisha. Mwaka nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa kibarua wa uvuvi Mwanza. Siku moja mjomba akanituma kijijini kwetu niwapelekee nyavu kuukuu, wakavulie kambale kwenye lambo. Nyavu zilikuwa bado zimelowa, na basi lilikuwa linapiga honi. Nikazisukumiza guniani na majani yake humohumo. Kule lamboni, nilipozikunjua, kikadondoka kipande cha gugu maji, kibichi kabisa, kina mizizi. Nikakipiga teke, nikaendelea na mambo yangu.

Mwaka uliofuata nusu ya lambo ilikuwa kijani.

Pengine si mimi, maana hata mafuriko huleta. Lakini mkutano wa kijiji uliamua kwamba ni ng'ombe wa wageni, wametoka nalo ziwani kwenye kwato. Wenye ng'ombe wakakatazwa kunywesha pale. Nami nilikuwa nimekaa palepale, mstari wa pili, kimya.

Tumezoea kupima kosa kwa nia. Sawa. Waliolileta gugu hili Afrika kutoka Amerika ya Kusini walipenda tu ua lake la zambarau. Hakuna aliyekusudia meli zishindwe kutia nanga Ziwa Victoria miaka ya 1990. Nia yao imetusaidia nini? Gugu halimuulizi mtu alikusudia nini. Kipande kimoja huzaa kingine ubavuni, na mbegu hulala topeni hata miaka 20 zikingoja.

Halafu mimi siwezi hata kusema sikujua. Nilishaona mitumbwi ikinasa humo, nikasaidia kuikwamua. Kukung'uta nyavu, kuzisuuza, kuzianika juani mpaka zikauke kau: kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ningekosa basi moja tu, jamani.

Je, nikiri kosa ambalo sina hakika nalo? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara najikuta natafuta jibu lisilonigharimu.

Siku hizi nikienda nyumbani naingia majini kung'oa. Akina mama wananisifu: huyu kijana ametoka mjini lakini ana moyo. Wenye ng'ombe wanapita kwa mbali na mifugo yao, wakielekea mtoni, mwendo wa saa mbili.