Filamu Gani Ni Kubwa, na Nani Aamue?

Katika mambo ambayo watu hubishania bila kuchoka, liko hili: katika filamu zote zilizotengenezwa tangu sinema ilipoanza, zipi zastahili kuitwa kubwa kupita nyingine? Wengine husema hayo ni maneno ya bure. Kila mtu na ulimi wake, wanasema. Huyu apenda pilipili, yule apenda asali, basi.

Lakini tuangalie vizuri. Hakuna mtu anayekasirika kwa sababu jirani yake apenda mihogo kuliko viazi. Anamwachia. Ila ukimwambia kijana kwamba filamu anayoisifu si kitu, atasimama, atakuletea sababu, atasema: hukuitazama vema, rudia tena. Kwa nini ataka urudie? Kwa sababu anaamini kwamba ndani ya filamu ile mna kitu ambacho wewe hukukiona, nacho kimo humo kweli, si katika ulimi wake tu. Basi anayebishana amekwisha kukubali, hata bila kujua, kwamba ukubwa wa kazi ni jambo la kutafutwa kwa akili.

Mtu atauliza: kama ndivyo, mbona wenye maarifa hawapatani? Huko London gazeti la Sight and Sound, tangu mwaka 1952, kila baada ya miaka 10 huwapigisha kura wachambuzi wa filamu. Mara ile ya kwanza walichagua Wezi wa Baisikeli, filamu ya Vittorio De Sica wa Italia. Tangu 1962 hadi 2002, mara tano mfululizo, ikashinda Citizen Kane ya Orson Welles, Mmarekani. Mwaka 2012 ikatangulia Vertigo ya Alfred Hitchcock. Mwaka 2022 ikaja mbele filamu ya mwanamke, kwa mara ya kwanza: Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, Mbelgiji, ambayo ilikuwa imetengenezwa tangu 1975.

Filamu hiyo haikurefuka hata dakika moja kati ya 2012 na 2022. Waliobadilika ni wapiga kura. Mwaka 2012 walikuwa 846. Mwaka 2022 walipita 1,600, na wengi kati yao ni watu ambao zamani hawakuulizwa. Ni kama kesi barazani: jambo ni lile lile, lakini mashahidi wameongezeka. Filamu yenyewe yaonyesha siku tatu za mama mjane wa Brussels anayetandika kitanda, anayemenya viazi, anayempikia mwanawe, na chini ya utaratibu huo mna aibu na msiba ambao sitausimulia hapa. Mimi nisingaliiweka ya kwanza. Saa tatu na zaidi ni nyingi. Lakini tangu niitazame siwezi tena kumwona mama akimenya viazi nikasema kwamba hafanyi kitu.

Kanisa nalo lina historia yake ya orodha. Mwaka 1936 Papa Pio XI alitoa barua yake Vigilanti Cura juu ya sinema. Alitaka waamini waonyeshwe filamu zipi zaruhusiwa kwa wote, zipi kwa masharti, na zipi ni za kuepukwa. Orodha za namna hiyo zilikuwa kama ukuta wa zizi. Mwenye watoto nyumbani hataucheka ukuta. Lakini ukuta haukuambii majani mazuri yako wapi. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya namna nyingine: filamu 45 katika mafungu matatu, 15 za dini, 15 za tunu za kibinadamu, 15 za sanaa. Hiyo haikuwa orodha ya kukataza, bali ya kualika.

Ndani yake mna majina yanayoshangaza. Imo filamu ya Injili ya Matayo, ya mwaka 1964, kazi ya Pier Paolo Pasolini. Mtu huyo hakuwa mwamini. Alifuata mafundisho ya Marx. Mwaka mmoja kabla, 1963, mahakama ya Roma ilikuwa imemhukumu kwa kuitukana dini katika filamu yake nyingine. Ndiye aliyekwenda katika miji ya mawe kusini mwa Italia, akawachukua wakulima wenye nyuso zilizochomwa na jua, akampa sehemu ya Yesu mwanafunzi kijana kutoka Hispania ambaye hakuwa mwigizaji, na sehemu ya Bikira Maria wakati wa Mateso akampa mama yake mwenyewe. Akaitoa filamu kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Wengi waliotengeneza filamu za Yesu kwa nia njema na fedha nyingi wametupa sanamu zilizopakwa rangi. Huyu alitupa mtu anayetembea upesi, anayesema kwa haraka kama mwenye kujua saa zake ni chache. Balaamu aliitwa alaani, akabariki. Tunahukumu kazi, ndugu zangu. Moyo wa mtengenezaji una Hakimu wake.

Lakini hapa swali lageuka kuwa gumu. Kama mtu asiyeamini aweza kufanya kazi kubwa, je, kazi yenyewe yaweza kuwa mbaya na bado ikaitwa kubwa?

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwaka 1915 D. W. Griffith, Mmarekani, alitoa filamu iitwayo The Birth of a Nation. Wenye ufundi wameisifu miaka mingi, kwa kuwa alijua kupanga picha za vita, kukata na kuunganisha, kuushika moyo wa mtazamaji kwa saa tatu. Na filamu hiyo hiyo yawaonyesha watu weusi kama wanyama wa kutisha, wengine wakiigizwa na Wazungu waliojipaka weusi usoni, na yawasifu Ku Klux Klan kama waokoaji. Mwaka ule ule kikundi hicho kilifufuliwa katika jimbo la Georgia, na filamu ikatumiwa kuwavuta watu waingie. Hata hivyo, taasisi ya filamu ya Marekani ilipotoa orodha yake ya filamu 100 mwaka 1998, ilikuwamo, nafasi ya 44. Walipoitoa tena mwaka 2007 haikuwamo. Mahali pake waliingiza filamu nyingine ya Griffith, Intolerance ya mwaka 1916. Hiyo ya pili ndiyo iliyomo pia katika orodha ya Roma.

Wako wanaosema: sanaa ni sanaa, ubaya wa maneno yake ni shauri jingine, kisu kilichonolewa vizuri kimenolewa vizuri hata mkononi mwa mwuaji. Neno hilo lina nguvu, wala tusilikimbie. Ufundi wa Griffith ulikuwa wa kweli, na wengi walijifunza kwake, hata watu wema. Lakini filamu si kisu. Kisu hakisemi kitu, filamu yasema. Yatuambia: tazama, mtu ndivyo alivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba uzuri wahitaji mambo matatu: kitu kiwe kizima bila kupungukiwa, sehemu zake zipatane, tena kiwe na mwangaza. Filamu inayosema uongo juu ya mtu imepungukiwa ndani yake yenyewe, si nje. Ni chungu kilichopambwa kwa mikono hodari, nacho kina ufa. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanaojifunza kutengeneza filamu waisome, kama daktari anavyosoma ugonjwa. Lakini kuiita kubwa, hapana. Nami nasema hivyo si kwa kuwa imenitukana mimi, mtu mweusi. Ingekuwa vile vile kama ingewatukana Wazungu.

Katika parokia moja ambako vijana walitaka kuonyesha filamu jioni za Jumapili, nilisikia mashindano juu ya zipi zichaguliwe. Kijana mmoja akasema: tuchukue zile ambazo dunia nzima imezitazama, kwani Avatar ya mwaka 2009 ilipata zaidi ya dola bilioni mbili, watu wengi namna hiyo hawawezi kukosea wote. Tulimjibu upesi, maana soko la samaki nalo lina watu wengi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na filamu za siku hizi hutembezwa kwa fedha nyingi kweli.

Mzee mmoja ndiye aliyetupa kazi. Alisema: «Mwalimu, ninyi mwataja majina ya Ulaya. Kwangu mimi kubwa ni Matamata na Pilipili.» Vijana wakacheka, kwa kuwa hawakuzijua. Ni filamu fupi za kuchekesha ambazo Padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut, alizitengeneza Kasai katika miaka ya 1950. Mzee alizitazama akiwa mtoto, shuka jeupe limetundikwa nje, baba yake kando yake, na hakuwahi kumwona baba yake akicheka namna ile tena. Nani atambishia? Ila alichokisifu mzee ni jioni ile, na baba yake. Filamu ilikuwa mlango tu. Kupenda kitu ni haki ya kila mtu; kusema ni kikubwa ni kutoa ushuhuda mbele ya wengine, nao wana haki ya kuuliza maswali. Tena mzee alikumbusha neno jingine zito: wakati wa Wabelgiji, Mkongo hakuruhusiwa kutazama kila filamu, ilikuwako tume ya kuamua zipi zamfaa mtu mweusi. Huyo ambaye zamani alichaguliwa na wengine sasa anachagua mwenyewe. Kwa sababu hiyo siwezi kuliita shauri hili mchezo.

Waliishia kuonyesha Wezi wa Baisikeli ya mwaka 1948. Sikuona haja ya kueleza mengi. Nani kwetu asiyejua kinga ni nini kwa mtu maskini? Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini kazi yataka baisikeli, nayo iko rehani. Mkewe Maria avua mashuka ya kitanda ayaweke rehani mahali pake. Siku ya kwanza ya kazi baisikeli yaibiwa. Jumapili nzima baba na mtoto wake mdogo, Bruno, waitafuta katika Roma, sokoni, kanisani, hata kwa mwanamke mpiga ramli ambaye Antonio mwenyewe alikuwa amemkataza mkewe. Mwishowe baba aona baisikeli ya mtu mwingine imeegemezwa ukutani, peke yake. Anashikwa mbele ya macho ya mtoto wake. Mwenye mali amtazama mtoto, amwachilia baba. Na mtoto aushika mkono wa baba yake, wanakwenda zao katika umati.

Hakuna mtu aliyeinuka. Mama mmoja aliuliza kama alikwenda kuungama. Kijana wa Avatar aliuliza kama yule mwizi wa kwanza naye alikuwa na mtoto. Maswali hayo mawili yalizungumzwa hadi usiku.

Filamu hiyo imo katika orodha ya 1995, fungu la tunu za kibinadamu. Lakini hesabuni zote 45: hakuna hata moja ya mtengenezaji wa Afrika. Wakati ule La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegal, habari ya msichana wa Dakar aliyechukuliwa kwenda kuwa mtumishi Ufaransa, ilikuwa na miaka 29. Wachambuzi wa Sight and Sound waliiingiza kati ya 100 mwaka 2022, pamoja na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty. Sidhani watu wa Roma walizidharau. Shahidi husema alichokiona, na orodha ile yenyewe ilijiita tu baadhi ya filamu muhimu.

Basi nami natoa jina langu. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, alitoa mwaka 1998 filamu Pièces d'identités, nayo mwaka 1999 ikapata tuzo kuu ya Ouagadougou. Mfalme mzee, Mani Kongo, aenda Brussels kumtafuta binti yake aliyepotea huko tangu utoto. Yeye ambaye kwao watu humwinamia, huko ni mzee mweusi tu barabarani. Ina mahali ambapo kicheko kimezidi, na mwisho wake umefungwa upesi mno. Naiweka katika orodha hata hivyo. Yule mzee wetu ameitazama, naye anakataa. Asema Matamata alichekesha zaidi.