Mkanda wa Kijapani

Shemeji yangu aliniletea kasha la mikanda ya video na neno moja tu: "Choma." Yalikuwa masalia ya kibanda cha kaka yangu pale Elerai, kibanda cha mabati kilichozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Watu walikiita kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake. Kaka alifariki mwaka 2006. Mikanda ilikaa darini miaka yote hiyo, na mingi ilikuwa imeota ukungu. Hiyo niliichoma bila kujiuliza. Mmoja ulinishinda.

Juu yake pameandikwa "Kijapani" kwa mwandiko wa kaka. Ni filamu ya saa moja hivi, na kila baada ya dakika chache watu wawili wanavua nguo. Zamani nilidhani ni uchafu tu kama uchafu mwingine uliooneshwa usiku wa manane, watoto wakishafukuzwa. Baadaye nilisoma habari za filamu ambazo Wajapani huziita pinku eiga, filamu za rangi ya waridi, nikaona dalili zote. Zilianza mwaka 1962. Zilipigwa kwa siku chache, kwa fedha kidogo. Mwenye fedha alidai idadi fulani ya matendo ya kitandani. Akishayapata, mwongozaji aliachiwa sehemu iliyobaki afanye apendavyo. Hivyo wapo waliozitumia kubeza serikali, kuomboleza, hata kuota ndoto. Ile ya Mitsuru Meike ya mwaka 2003, iliyokuja kujulikana duniani kama The Glamorous Life of Sachiko Hanai, ni ya kahaba anayepigwa risasi kichwani akageuka mwanafalsafa, na ndani yake mna kidole bandia cha Rais George W. Bush. Majumba yaliyozionesha yalizidi kupungua, lakini ng'ambo zikapata kundi la wapenzi wanaozitafuta kama watu wanavyotafuta sarafu za kale.

Wapenzi hao hutoa hoja moja kubwa, nayo ni Yojiro Takita. Alianzia huko kwenye waridi, na filamu yake ya Okuribito, ya mtu anayeosha na kuvika maiti kwa heshima kubwa, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2009. Basi, wanasema, tope lile lilikuwa shamba.

Nakiri hoja hiyo ilinivuta. Lakini Takita huyo huyo alitengeneza mfululizo wa filamu za kuchekesha kuhusu wanaume wanaowapapasa wanawake ndani ya treni. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za reli za Tokyo zilianza kutenga mabehewa ya wanawake peke yao, kwa sababu jambo lile halikuwa mzaha kwa aliyepapaswa. Mtu aliyewahi kupanda daladala ya asubuhi kwenda mjini, watu wamebanana kama dagaa, na kumwona dada wa watu akijikunyata huku akitazama nje kuelekea Mlima Meru asionekane analia, atanielewa. Mwongozaji alipanda ngazi akafika kwenye tuzo. Mwanamke ambaye mwili wake uliuza tiketi, nani alimuuliza alipanda wapi? Sioni kuwa uzuri wa kazi iliyofuata unalilipa deni hilo.

Kwa hiyo ningeuchoma. Kisheria pia nisingekosea: tulikuwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na kaka hakumpelekea mkaguzi yeyote mkanda ule. Tatizo ni sauti.

Siku hizo Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, alikuwa amejipatia sifa Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikiwa juu ya picha. Kaka alimwiga. Aliunga maikrofoni kwenye deki, akajirekodi akisimulia mbele ya wateja wake. Kijapani hakujua hata neno moja. Basi alitunga. Katika usimulizi wake yule mwanamke ni mkazi wa Ngarenaro ambaye mumewe alikwenda Mererani kuchimba tanzanite na hakurudi baada ya mafuriko ya Aprili 1998, yale yaliyozamisha makumi ya wachimbaji mashimoni. Kila mwanaume anayekutana naye ni mtu aliyedai kumwona mume. Picha inapofika kitandani, kaka anaanza kuzungumzia bei ya unga, ama anamkumbusha mtu fulani wa benchi la nyuma deni lake. Watu wanaangua kicheko. Halafu wananyamaza, maana mwanamke anaendelea kutafuta, na pale Elerai kila mmoja alimjua mtu aliyekwenda Mererani.

Hiyo ndiyo sauti pekee ya kaka iliyobaki duniani.

Na binti yake, aliyekuwa mchanga baba alipofariki, sasa ni mtu mzima. Mwaka jana aliniuliza, "Baba mdogo, sauti ya baba ilikuwaje?" Nilijaribu kuiigiza. Niliona aibu kuliko ningemwonesha mkanda wenyewe.

Ungeniambia, msomaji, nitoe sauti niache picha. Nimeliwaza hilo. Lakini kaka hakuwa akisema hewani; alikuwa akipambana na ile picha, akiisukuma kando, na pengine akichuma fedha kwayo, kwa kuwa watu hawakulipa kuja kusikia habari za Mererani. Nikiiondoa picha nitakuwa nimempa mtoto baba msafi kuliko aliyekuwepo. Nikiiacha, nitakuwa namwonesha mwanamke wa watu aliye uchi, ambaye hajawahi kusikia jina la Arusha.

Mwishowe nilifanya jambo la katikati, ambalo sijivunii. Niliazima deki, nikatundika kanga mbele ya televisheni. Shemeji alikaa jikoni, mlango wazi, hakusema kitu. Binti alisikiliza saa nzima ameinamisha kichwa. Watu walipocheka hakuuliza wanacheka nini, na mkono wake haukuigusa ile kanga.

Ulipokwisha aliniuliza kama yule mwanamke alimpata mumewe.

Nikamwambia filamu inaisha kabla ya hadithi. Kaka anawaambia watu waje kesho kumalizia, na wasisahau shilingi mia.