JE, KUMFICHA TABIBU NI KUSEMA UONGO?

Hapa Munyaka, katika mji wa Eldoret, kama vile huko kwetu pwani, watu huulizana mgonjwa ajitayarishe vipi anapoagizwa apimwe damu ya tezi ya shingo. Wengi hudhani jambo lote ni kula au kutokula. Ama sisi twaona nyuma ya suali hilo liko suali kubwa zaidi: je, mtu anyamazapo mbele ya tabibu wake, amesema uongo?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Tezi hii ni kiungo kidogo kilicho mbele ya koo, nayo hutoa homoni ziongozazo mapigo ya moyo, joto la mwili na nguvu za mtu. Huhitaji madini ya joto, ambayo samaki wa bahari wanayo, na ardhi ya milimani mara nyingi huyakosa. Kwa ajili hiyo sharia ya Kenya yataka chumvi ya chakula itiwe madini hayo, ili watu waepukane na rovu. Ubongo nao huiamrisha tezi kwa homoni nyingine iitwayo TSH. Tezi ikilegea, amri huzidi. Ikipita kiasi, amri hupungua. Kipimo hutazama amri hiyo, na mara nyingi homoni ya tezi yenyewe pia.

Matayarisho ni machache. Kwa kawaida hapana haja ya kukaa na njaa. Na aliyefunga, wanavyuoni wengi wamesema damu kidogo ya kipimo haimfunguzi. Kwa kuwa amri ile huwa juu usiku na hushuka mchana, ni bora kila kipimo kitolewe saa zile zile, khasa asubuhi. Amezaye vidonge vya tezi mara nyingi huambiwa asubiri damu itolewe ndipo ameze, lakini asiviache kwa rai yake. Na vidonge vya biotini, viuzwavyo kwa ajili ya nywele na kucha, vyaweza kupotosha majibu hata mzima akaonekana mgonjwa. Hivyo tabibu huagiza viachwe siku 2 au zaidi.

Hapa ndipo penye mtihani. Yuko aachaye vidonge vyake mwezi mzima, kisha siku chache kabla ya kupimwa akavimeza kwa bidii ili aonekane mtiifu. Homoni hupanda upesi, bali ile amri ya ubongo huchukua wiki 6 hivi kutulia. Basi damu hutoa shahada mbili zisizopatana. Tabibu asiyeambiwa aweza kudhani dawa haitoshi, akaiongeza. Na dawa ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika. Akiwa ni mama mwenye mimba, khatari humfikia na mtoto, ambaye katika miezi ya mwanzo ubongo wake hukua kwa homoni ya mamaye.

Atasema mtu: “Siri ya mwili wangu ni yangu, na sitara ni jambo jema.” Twajibu: sitara ni kuificha aibu kwa wasiohusika nayo. Amtakaye mtu hukumu kisha akamzuilia ushahidi, amemtaka ahukumu kwa batili. Kunyamaza hapo si sitara, ni uongo usio na sauti.

Atasema mwingine: “Sina fedha za vidonge, naona haya kusema.” Huyu hatumlaumu. Lakini ufukara nao ni khabari ambayo tabibu hana budi kuijua, kwani hauondoki kwa kuandikiwa dawa zaidi asizoweza kuzinunua. Na tabibu amkaripiaye mgonjwa hata akajifunza kuficha, naye ana fungu lake katika uongo huo.

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Kwa mgeni mtu hufagia nyumba. Kwa kipimo huiacha ionekane kama ilivyo. Basi, ndugu msomaji, andika karatasini kila umezacho, hata dawa za miti shamba, na siku ulizokosa kumeza, umkabidhi tabibu kabla hajakuuliza. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.