Sikukuu ya Mji wa Leiden na Mashamba Yaliyozama

Mwezi uliopita nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita habari za sikukuu ambazo miji mbalimbali huzifanya kila mwaka. Tulipofika habari za Leiden, mji ulio katika nchi ya Uholanzi, watoto walifurahi sana, maana hadithi yake ina vita, ina njaa, ina upepo wa bahari, na mwisho wake ni chakula. Niliisimulia yote, nikafunga kitabu. Ndipo mtoto mmoja, ambaye kwa desturi hasemi neno mpaka aulizwe, akainua mkono, akasema, "Mwalimu, na wale wenye mashamba, walialikwa?" Kengele ikalia, nami nikashukuru kwamba imelia.

Swali hilo limekaa nami tangu siku ile. Kabla sijasema nililofikiri, yafaa niwaeleze habari yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatukuisoma shuleni.

Katika miaka ile watu wa Uholanzi walikuwa wamemwasi mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, na majeshi yake yalikuwa yakiitwaa miji mmoja mmoja. Leiden ulizingirwa mara ya kwanza toka Oktoba 1573 hata Machi 1574. Kisha adui akaondoka kwenda kupigana mahali pengine, na watu wa mji wakadhani kwamba shida imekwisha. Hawakujaza ghala zao nafaka, wala hawakuzibomoa ngome za udongo alizoziacha adui nje ya mji. Tarehe 26 Mei akarudi, akaingia katika ngome zile zile kama mtu arudiye nyumbani kwake. (Niliwaambia watoto walitie jambo hili moyoni, hasa wale waachao majembe shambani usiku.)

Basi njaa ikaingia. Walikula farasi, wakala mbwa, na tauni ikaja juu ya njaa. Kabla ya mwisho walikufa watu wapatao 6,000, katika mji ambao watu wake wote hawakufika 20,000. Husimuliwa kwamba watu wenye njaa walimwendea mkuu wa mji, Pieter van der Werff, wakimtaka afungue malango, naye akawaambia wale mkono wake, walakini mji hatautoa. Walijua kwa nini aliogopa. Mji wa Naarden ulipotwaliwa mwaka 1572, wenyeji wake waliuawa. Na Haarlem uliposalimu amri mwaka 1573, askari wake wengi waliuawa vilevile.

Sasa sikilizeni jambo la mashamba. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini kuliko bahari, na watu huishi humo kwa sababu wamejenga matuta makubwa ya kuzuia maji. Willem wa Orange, kiongozi wa waasi, hakuwa na jeshi la kuwafukuza Wahispania katika nchi kavu. Alikuwa na mabaharia. Akashauriana na baraza la nchi, wakakata shauri kwamba matuta yapasuliwe, maji yaingie nchini, na mashua ziupelekee mji chakula zikipita juu ya mashamba. Walisema kwamba nchi iliyoharibika ni afadhali kuliko nchi iliyopotea. Tarehe 3 Agosti 1574 matuta yakaanza kukatwa. Kiongozi mwenyewe mwezi ule alilala Rotterdam, mgonjwa wa homa, hata watu wakadhani kwamba atakufa.

Maji yakaja, lakini hayakutosha. Mashua zilikuwa na matumbo bapa, zisizohitaji kina kikubwa, na hata hivyo zilikwama. Upepo ulivuma upande usiofaa, na kwa majuma kadhaa maji yalikuwa haba kwa mashua na mengi kwa mkulima. Mtu wa shamba ataelewa maneno hayo upesi kuliko mtu wa mji. Mwisho wa Septemba tufani ikatoka upande wa bahari, maji yakapanda, na mashua zikasogea chini ya mkuu wao, Louis de Boisot. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba Wahispania wakakimbia gizani, wakiogopa kuzama. Asubuhi mashua zikaingia mjini na samaki aina ya haring pamoja na mikate, na watu walioweza kutembea wakaenda kanisani kushukuru.

Watu wa Leiden husimulia pia habari za mtoto yatima, Cornelis Joppensz, aliyetoka nje alfajiri ile kuitazama ngome ya adui, akaikuta tupu, na motoni sungura—ah, nimekosa, hapakuwa na sungura. Watoto wangu ndio walioongeza sungura—palikuwa na chungu cha nyama na mboga za mizizi. Chungu kinachosemekana kuwa ndicho kile kimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya mji, iitwayo De Lakenhal.

Hiyo ndiyo sababu ya sikukuu. Chama kinachoiangalia kiliundwa mwaka 1886, na mwaka 2024 ilitimia miaka 450 tangu mji kuokolewa. Jioni ya tarehe 2 Oktoba watu hula nyumbani mwao chakula kiitwacho hutspot: karoti, vitunguu na viazi vilivyopondwa pamoja, na nyama kando. Viazi hivyo havikuwamo katika chungu cha mtoto yule, maana zamani zile watu wa huko hawakuwa wakila viazi. Lakini hakuna anayegombana juu ya jambo hilo. Asubuhi ya tarehe 3 wenyeji huamshwa mapema kwa muziki, watu hukusanyika bustanini kuimba nyimbo, na ibada ya shukrani hufanyika kanisani. Katika jumba la kale la mizani hugawiwa haring na mkate mweupe, kama siku ile ya kwanza. Kisha maandamano makubwa hupita njiani, na baba huwabeba watoto mabegani wapate kuona. Kuna bembea na magurudumu ya kuzunguka, kelele na taa. Siku hiyo ikiangukia Jumapili, shamrashamra huahirishwa hadi Jumatatu.

Wako watakaosema: watu 6,000 walikufa, na ninyi mwachezea bembea? Tena usiku wa sikukuu pombe hunywewa nyingi, na hata wenye mji hawaufichi ukweli huo. Je, haingefaa siku hiyo iwe ya kimya na maombolezo?

Mimi sikubaliani nao. Walevi wakemewe kama walevi. Ila furaha ya mtoto aliye juu ya bega la babaye haiwatukani wafu. Wale waliokufa kwa njaa, kama wangeulizwa wanataka nini kwa wajukuu wao, nadhani wangesema, "Washibe." Tena naona hekima kubwa katika kuweka kumbukumbu ndani ya chakula. Sanamu ya jiwe mtoto huipita akikimbia. Karoti na vitunguu hutiwa kinywani mwake kila mwaka jioni ile ile, na siku moja, akiwa na miaka sita au saba, atauliza, "Mama, kwa nini leo twala hivi?" Mama atamwambia. Kwa njia hiyo habari imevuka vizazi vingi, na wengi waliompasha mwenzao hawakuwa walimu.

Lakini hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapouma. Kama sikukuu hufundisha kwa nguvu namna hiyo, basi hufundisha pia kwa yale isiyoyasema. Katika hadithi kama tunavyoisimulia shuleni, mkuu wa mji ana jina, amiri wa mashua ana jina, hata mtoto mwenye chungu ana jina. Mkulima ambaye ng'ombe zake walikosa malisho hana jina. Yeye ni maji tu. Twasema, "Matuta yakakatwa," kana kwamba yalikatwa juu ya nchi isiyo na watu.

Tafakarini tofauti iliyopo. Watu wa mji waliteseka vibaya mno, lakini mateso yao yalikuwa na mlango: wangeweza kuufungua, wakakataa, na kwa sababu hiyo twawaheshimu. Mwenye shamba hakuwa na mlango. Shauri lilikatwa barazani, na yeye akaona maji miguuni pa kitanda chake. Hasara yake iliwaokoa watu asiowajua, ndani ya kuta ambazo yeye alikaa nje yake.

Je, waliokata matuta walitenda dhambi? Nimelipima jambo hili siku nyingi, wala siwezi kusema hivyo. Mji ungeanguka, yaelekea wengi wangeuawa, na pengine nchi nzima ingetwaliwa, mkulima naye akiwamo. Kama ningekuwa katika baraza lile ningeinua mkono pamoja nao. Walakini twafanya kosa moja la fikira, tena kosa la kila siku: tukiisha kujua kwamba jambo lilikuwa haki kufanywa, twadhani hatudaiwi. Sivyo. Mtu aweza kutenda lililo haki na bado akawa na deni. Nikivunja mlango wa jirani kumtoa mtoto wangu motoni, sikukosa; lakini mlango ni wa jirani, na kesho asubuhi nina kazi ya kuutengeneza. Na yule asemaye, "Nilikuwa na haki kuuvunja," kisha akaenda zake, ametumia haki yake kama kifuniko.

Mtu atauliza, deni la miaka 450 hulipwa vipi, nao wadai wamekufa zamani? Fedha haziwezi kuwafikia. Lakini sikukuu yaweza kufanya jambo ambalo fedha haziwezi: kuwarudisha katika hadithi. Sikukuu ndipo watu wanapoonyesha ni nani wanaowahesabu kuwa wenzao. Mtoto aliye juu ya bega haoni maandamano tu. Ajifunza ni nani waliomwokoa. Ikiwa mama, pale anapoeleza habari za karoti na vitunguu, ataongeza maneno machache, "Na wakulima walipoteza mashamba yao ili mkate ufike," basi mezani kumeongezwa kiti.

Sasa sina budi kueleza kwa nini nilitokwa na jasho siku ile darasani.

Miaka michache iliyopita masika yalikuwa makali, na mto wetu ukafurika hata maji yakafika kwenye ngazi za shule. Tulikutana usiku, wazee na walimu, tukakata shauri la kuupasua ukingo upande wa pili, maji yapate njia. Nami nilikuwapo, jembe mkononi. Maji yakageuka, shule ikapona, vitabu vikapona. Yakaingia katika shamba la mpunga la mjane mmoja, likalala chini ya matope. Kila mwaka tangu hapo, mwisho wa muhula, twafanya sikukuu ya shule kushukuru kwamba jengo lilisimama. Watoto huimba, wazazi huja kutoka vijiji vya jirani, pilau hupikwa. Bibi yule hajafika hata mara moja. Hakuna aliyemkataza. Ila hakuna aliyemwita, na habari yake haisemwi katika hotuba. Hotuba hizo huziandika mimi. Mtoto aliyeniuliza swali ni mjukuu wake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba, apembua maharage katika ungo. Nikapiga hodi.

"Karibu, mwalimu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu amefanya nini?"

Nikamwambia hakufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuja kwa ajili yangu mwenyewe. Nikamweleza habari za shamba, na jembe langu, na sikukuu, na hotuba. Sikusema vizuri; nilirudiarudia maneno kama mtoto asiyejua somo lake. Yeye aliendelea kupembua mpaka nikanyamaza.

"Maji hayakupiga hodi," akasema. "Wewe umepiga. Keti."

Akaniletea kigoda, nikaketi. Tulizungumza kwa muda mrefu juu ya mpunga ule, aina yake, na jinsi alivyoipata mbegu kwa kaka yake. Kumbe haukuwa mpunga wa kawaida, nami sikujua. Nilipoinuka kwenda akaniuliza sikukuu ya mwaka huu ni lini. Nikamtajia siku. Akasema siku hiyo anakusudia kupalilia, lakini akimaliza mapema atakuja, na kwamba nisimwekee kiti cha mbele, kwa kuwa jua la huko humwumiza macho.