Kunakili Programu Bila Ruhusa: Sadaka au Dhulma?



Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni nilikuwa na kikazi kilichonilipia chakula. Wanafunzi wapya waliniletea kompyuta zao, nami nikawawekea Windows na Office za krak kutoka kwenye flashi yangu. Kompyuta moja shilingi 10,000. Ukija na rafiki, mbili kwa 15,000. Asubuhi nilikuwa darasani nikisoma masharti ya mauzo katika fiqhi ya muamalat, kwamba mtu hauzi asichokimiliki, na jioni nilikuwa nauza nisichokimiliki. Wallahi sikuwahi kuviunganisha vitu hivi viwili.

Vilikuja kuungana kwa sababu ya madrasa. Mwenzangu wa chumbani anasoma kompyuta. Aliandika programu ya kuwekea majina ya watoto wa madrasa, mahudhurio, juzuu walizofikia na ada zao. Ilimchukua miezi minne, nyingi zikiwa za usiku. Madrasa ya kwanza ilimlipa shilingi 80,000. Mimi nafundisha mwisho wa wiki katika madrasa nyingine, na ustadhi wetu alipoisikia akaitamani. Nikainakili kwenye flashi, nikampelekea. Akaniombea dua ndefu. Kwa utamu wa dua ile nikazipelekea madrasa nyingine tatu, nikajihesabia sadaka yenye kuendelea. Wiki chache baadaye mwenzangu alizunguka kuiuza, na kila alipofika akaikuta tayari inafanya kazi. Alirudi jioni akaniuliza kama namjua aliyeisambaza. Nikamwambia simjui.

Tuanze na hoja ninayoisikia kila siku hosteli: kunakili si wizi, kwa kuwa mwenye programu bado anayo. Kwa kiasi fulani ni kweli. Wizi wenye adhabu ya hadi katika fiqhi una masharti yake: mali iliyofikia kiwango, iliyotolewa mahali inapohifadhiwa, kwa siri. Sidhani kama kuna kadhi angemkata mtu mkono kwa sababu ya flashi. Lakini si kila kisichokuwa wizi wa hadi ni halali. Panda boda kutoka stendi mpaka chuoni, ukifika kimbia bila kulipa. Mwenye boda bado ana boda yake, hata tairi halijapungua la kuonekana. Umechukua nini? Umechukua manufaa. Na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu ndiyo tunayofuata, manufaa ni mali. Ndiyo maana tunapanga vyumba na kulipa kodi. Mahanafi wa zamani walikuwa na mtazamo tofauti juu ya hili, na ukisoma mjadala wao utaona kwamba baadhi ya wanazuoni wa baadaye waliopinga hakimiliki walijengea hapo.

Zama zetu suala hili limejadiliwa kwa jina lake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kule Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kifedha, zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inazitaja programu za kompyuta. Kwa hiyo atakayesema jambo hili ni la Wazungu tu, asome kwanza.

Hoja ya pili inanikera zaidi: kampuni hizi ni za makafiri na ni tajiri kupindukia. Ndugu zangu, usiku ule Makureshi walipopanga kumuua Mtume (S.A.W.), amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali (R.A.) nyuma awarudishie. Watu waliokuja na mapanga mlangoni! Sisi tunatafuta ruhusa ya kumla mtu ambaye kosa lake ni utajiri.

Hoja ya tatu siidharau. Windows 11 ya nyumbani kule Marekani imewekewa bei ya dola 139, karibu nusu milioni ya kwetu. Ukimwambia hivyo mwanafunzi aliyenunua kompyuta iliyotumika kwa fedha za kuuzia mbuzi wa baba yake, atakucheka. Bei hiyo haikupangwa kwa kumfikiria yeye, na ninaona wenye kampuni wana la kujibu hapo. Wapo pia wanazuoni wa sasa waliomlegezea anayenakili kwa matumizi yake tu, si kwa biashara. Yeyote anayejificha chini ya fatwa hiyo simkatazi. Mimi haikunifunika, kwa kuwa nilikuwa natoza.

Ila dharura inasimama pale tu njia ya halali inapokosekana. LibreOffice ni ya bure, na wenyewe wametoa ruhusa. Linux vilevile. Maktaba ya Shamela, ambayo sisi wa masomo ya Kiislamu tunaitumia kila siku kutafuta hadithi na tafsiri, ni ya bure kwa sababu walioitengeneza waliamua hivyo. Hapo ndipo penye tofauti kati yao na mimi: wao walitoa kilicho chao, mimi nilitoa cha mwenzangu nikaombewa dua. Nimehamia LibreOffice tangu muhula uliopita. Si rahisi. Maandishi ya Kiarabu katika utafiti wangu huhama mistari kila msimamizi wangu anapolifungua faili kwenye Word, na tayari amenigombeza mara mbili.

Wapo watakaouliza kuhusu kuificha elimu, na onyo lake kali. Lakini programu ya kuhesabu ada si elimu ya dini aliyoulizwa mtu akainyamazia. Ni kazi ya mikono, kama mlango wa seremala. Madrasa yetu ilimlipa seremala wa mlango bila mtu kutaja sadaka.

Linabaki suala la toba. Kosa lenye haki ya mja halifutiki kwa istighfari peke yake. Haki hurudishwa au mwenyewe husamehe. Zile 10,000 za mwaka wa kwanza bado sijajua zote nizifanyeje, na nimemuomba mwalimu wangu wa fiqhi anisaidie. La chumbani halikuhitaji fatwa. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilimpa mwenzangu 80,000, nikamweleza kila kitu, pamoja na ule uongo. Alizihesabu, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na zile tatu?"

Majina yake ninayo. Jumamosi naanza na ile ya karibu na soko.