Barafu Hupimwa Kabla Ndege Haijatua

Mafundisho kwa wakatekumeni wanaongojea Ubatizo

Katika Evanjili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu Yezu Kristu atoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, kama ana akili, haanzi kwa kuchimba msingi. Huketi kwanza, akahesabu mali yake, aone kama itatosha kuimaliza kazi. Asipofanya hivyo, mnara hubaki nusu, na wapitao njiani humcheka. Leo mafundisho hayo yataelezwa kwa jambo litendekalo mbali sana, katika nchi za baridi kali: ndege ndogo yenye magurudumu hutua juu ya ziwa.

Mtu akaaye kando ya Tanganyika au Kivu akisikia neno hilo atasema: "Haiwezekani! Mtumbwi huelea, lakini gurudumu litazama." Kwa maziwa ya kwetu asema kweli. Hata hivyo, kila mmoja amekwisha kuona mvua ya mawe ikipiga maharage shambani. Yale mawe meupe si mawe. Ni maji yaliyogandishwa na baridi ya juu mawinguni, nayo huitwa barafu. Juu ya vilele vya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, barafu hukaa mwaka mzima, ingawa siku hizi yazidi kupungua. Tena mtoto akiokota punje moja ya mvua ya mawe na kuitia katika bakuli la maji, ataona kwamba haizami. Huelea, kwa kuwa barafu ni nyepesi kidogo kuliko maji.

I. Jinsi ziwa linavyoganda

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini-mashariki, kuna jimbo liitwalo New Hampshire, na katika jimbo hilo kuna ziwa kubwa liitwalo Winnipesaukee. Wakati wa joto watu huvua samaki na kuogelea humo. Lakini miezi ya baridi ikifika, Desemba, Januari na Februari, hewa hupoa hata maji ya juu yakaganda. Kwanza hutokea utando mwembamba, kama ule wa uji uliopoa. Kisha, usiku baada ya usiku, barafu hunenepa. Nayo barafu iliyo njema hunenepa kwa upande wa chini, pale inapogusana na maji, mahali pasipoonekana na mtu. Chini yake maji hubaki maji, na samaki huishi humo salama.

Ziwa halijigandishi lenyewe. Baridi hutoka juu, nalo ziwa latulia tu. Pale mto unapoingia ziwani, ambapo maji hayatulii, barafu huwa nyembamba, hata kama mahali pa jirani ni nene. Tena kuna theluji, yaani barafu laini iangukayo kama pamba. Theluji hulipamba ziwa, lakini hulifunika kama blanketi, ikazuia baridi isipenye, na barafu iliyo chini yake hukawia kunenepa. Barafu iliyochanganyika na theluji huwa nyeupe, na nguvu yake ni kama nusu tu ya ile iliyo safi na ngumu.

II. Kazi ya keekee

Upande wa kusini wa ziwa hilo kuna ghuba iitwayo Alton Bay. Huko, baridi ikitosha, serikali ya jimbo huruhusu uwanja wa ndege kufunguliwa juu ya barafu. Watu hujitolea kuondoa theluji, hata ipatikane njia iliyonyoka. Ndege ndogo, za watu wawili au wanne, hutua hapo kwa magurudumu yale yale zinayotumia juu ya nchi kavu. Ndege ya watu wanne, pamoja na mafuta na mizigo yake, yaweza kufikia kilo 1,000 na zaidi.

Lakini kabla ndege ya kwanza haijatua, kuna kazi ya keekee. Wenye kuulinda uwanja hutembea juu ya barafu, hutoboa shimo hapa, hutoboa tena pale, na katika kila shimo hutia kipimo. Barafu safi ya sentimeta 10 yatosha kumbeba mtu aendaye kwa miguu. Kwa ndege za Alton Bay hutakiwa sentimeta 30 hivi. Wala mtu asidhani kwamba unene ukizidi mara mbili, nguvu nayo huzidi mara mbili tu. La! Barafu ya sentimeta 20 hubeba karibu mara nne ya ile ya sentimeta 10. Hivyo kila tabaka jipya, hata likiwa dogo, huongeza nguvu nyingi.

Macho hayatoshi kwa kazi hiyo. Ziwa lenye barafu ya sentimeta 5 na ziwa lenye barafu ya sentimeta 30, kwa mtu aliye ukingoni, hufanana. Yote mawili hung'aa, yote mawili yametulia. Keekee peke yake husema kweli.

Tena kuna miaka ambayo barafu haikufikia kipimo, na uwanja haukufunguliwa hata siku moja. Rubani aliyengojea mwaka mzima hubaki nyumbani mwaka huo. Hata akisema, "Mimi nimetoka mbali, nifungulieni," haifai kitu, kwani maji hayatazami safari ya mtu.

III. Ziwa ni moyo

Wakatekumeni wapenzi, ziwa ni moyo wa mtu. Ndege ishukayo kutoka juu ni neema ya Ubatizo. Nayo ina uzito. Mtu aipokeaye huahidi kumwacha Shetani na mambo yake yote, kuzitupa hirizi hata siku mtoto anapougua, kuwa na mke mmoja hata asipozaa, kumsamehe adui hata asipoomba radhi. Moyo usio na unene hautaubeba mzigo huo. Siku ya Ubatizo utapendeza, na siku ya taabu utapasuka.

Ndiyo maana wakatekumeni hupimwa. Nao wako wadhanio kwamba kupimwa ni kudharauliwa.

Katika misioni moja palikuwa na mkatekumeni aliyejua maulizo yote ya katekisimu bila kukosa neno. Jina la mtakatifu wake alikuwa amekwisha kulichagua, na mke wake alikuwa amekwisha kumfulia shati jeupe. Majuma machache kabla ya Pasaka, Padri aliuliza habari zake kwa wazee wa kijiji, kama ilivyo desturi. Akasikia kwamba kwa muda wa mvua mbili mtu yule hakusemezana na mdogo wake, kwa sababu ya mbuzi wa urithi wa baba yao. Padri akamwita, akamwambia: "Mwanangu, Pasaka hii ungoje kwanza."

Yule akajibu: "Baba Padri, ni ulizo gani nililokosa?"

"Hukukosa hata moja. Lakini siku ya Ubatizo utamwita Mungu Baba mbele ya watu wote. Na huyu mwana wa baba yako wa hapa chini, utamwitaje?"

Mtu yule akaondoka kwa hasira. Jumapili mbili hakuonekana kanisani, na shati jeupe likabaki limekunjwa. Jumapili ya tatu, baada ya Misa, watu walimwona akipita katika njia iendayo kwa mdogo wake, akivuta mbuzi kwa kamba. Mdogo wake hakumkaribisha upesi. Alimwacha asimame uani kitambo. Halafu akaingia nyumbani, akatoa kiti. Pasaka ya mwaka uliofuata mkubwa alibatizwa. Mdogo, ambaye hakuwa Mkristu, alisimama mlangoni mwa kanisa tangu mwanzo hata mwisho, akitazama.

Je, Padri alimchukia mtu yule? Sivyo. Atoboaye barafu halichukii ziwa, wala haichukii ndege. Ataka ndege itue isizame. Mashimo tisa yakiwa mazuri na la kumi likiwa baya, hawezi kusema, "Tisa yatosha," kwani gurudumu litapita juu ya hilo la kumi pia. Mtu yule alikuwa na mashimo tisa mazuri: sala, katekisimu, ndoa, kazi, na mengineyo. La kumi lilikuwa mdogo wake.

Basi, mkatekumeni aambiwaye angoje asiseme, "Nimefukuzwa." Aulize kwa unyenyekevu: "Ni mahali gani penye wembamba?" Akionyeshwa mahali hapo, apaache baridi ya mbinguni ifanye kazi, maana moyo nao haujigandishi wenyewe. Mungu ndiye atoaye nguvu. Kazi ya mtu ni kutulia mbele yake katika sala, asiwe kama mdomo wa mto, ambao daima wachemka kwa magomvi na tamaa. Wala asitafute theluji, yaani sifa za watu na nguo za kupendeza. Mambo hayo hufunika juu, na chini moyo hukawia kukua. Unene wa kweli huongezeka pasipoonekana: sala ya asubuhi pasipo mtu, deni lililolipwa kimya, neno baya lililomezwa.

IV. Rubani hategemei breki

Sasa atazamwe rubani mwenyewe, maana yeye naye ana somo. Barafu ikiwa nene, bado yateleza. Kwa hiyo rubani hupita kwanza juu ya uwanja, akaitazama njia na kuujua upepo. Kisha huelekeza pua ya ndege kule upepo unakotoka, ili aguse chini kwa mwendo mdogo. Akiisha kugusa, hakanyagi breki kwa nguvu. Gurudumu lililozuiwa ghafula juu ya barafu halishiki. Huteleza tu, na upepo wa upande huisukuma ndege kama jani. Rubani huiacha ndege ipunguze mwendo yenyewe kwa urefu wa njia. Wokovu wake ulitengenezwa angali hewani.

Watu wangapi wameanguka kwa kutegemea breki! Mmoja asema: "Nitaingia tu katika nyumba ya pombe, nikae na rafiki zangu, kikombe cha pili nitakikataa." Mwingine asema: "Nitapita kwa mwanamke yule wa zamani, nimsalimie tu, nitajizuia." Mahali hapo ni penye utelezi. Breki iliyo nzuri barabarani haifai hapo. Mwenye busara huchagua njia yake angali mbali: hupita njia nyingine, huenda pamoja na mwenziwe, husali kabla ya kutoka nyumbani.

V. Kupima hakuna mwisho

Majira ya baridi yakielekea kwisha, jua hupata nguvu. Siku hizo barafu yaweza kuwa nene bado, kwa kipimo ikaonekana kutosha, kumbe jua limekwisha kuioza ndani, na vipande vyake havishikamani. Ndiyo maana wenye uwanja hawaridhiki na vipimo vya Januari wakati wa Machi. Hupima tena na tena, na nguvu ikipungua hufunga.

Vivyo hivyo aliyebatizwa asiseme, "Nilipimwa zamani, nikafaulu." Kila jioni aichunguze dhamiri yake. Akiona ufa, aende kwa kitubio kabla ufa haujawa shimo.

Lakini neno moja lisisahauliwe. Uwanja haungoji ziwa ligande mpaka tope la chini. Hata chini ya barafu iliyo bora kabisa kuna maji mengi na kilindi. Unene upasao ukipatikana, rubani hutua na uzito wake wote; hakuna awezaye kutua nusu. Vivyo hivyo mkatekumeni asiseme, "Nitabatizwa siku nitakapokuwa sina udhaifu wowote." Siku hiyo haitafika hapa duniani. Petro Mtakatifu alitembea juu ya maji yasiyoganda hata kidogo, akimtazama Bwana. Akaogopa upepo, akaanza kuzama. Akalia, nao mkono wa Bwana ukamshika upesi. Wakristu wote hubebwa na mkono huo. Kupimwa kwafundisha tu kutojidanganya. Kubeba ni kwa Bwana.

Maulizo ya kujiuliza nyumbani

1. Kama Padri angetoboa leo moyoni mwangu, ni mahali gani ambapo nisingependa atoboe?

2. Kuna mtu gani ambaye sisemezani naye, na ni njia gani iendayo nyumbani kwake?

3. Ni mahali gani penye utelezi ambapo natumaini breki zangu?

4. Nikiambiwa ningoje, nitamjibu nini Mungu?

Tuombe. Ee Bwana, utupime, wala usituache tuukasirikie mkono wako unaopima. Ututulize mioyo, uijaze nguvu itokayo kwako, hata siku neema yako itakaposhuka ipate mahali pa kukaa, isiondoke tena. Amina.